Samaki Niliyemkataa Mara Mbili

Jambo lote liligharimu siku kumi na tisa, na juu yake miezi kumi na minne. Siku zilikuwa za mama mmoja, miezi ilikuwa ya mwanawe, na yangu haikuwemo hata saa moja. Nimehesabu mara mbili, kama kawaida yangu, na mara zote mbili upande wangu umetoka mtupu. Hapo ndipo panaponisumbua. Nimefanya biashara Nakuru tangu nikitandaza viatu vya mitumba juu ya gunia, na sikuwahi kufanya kosa kubwa namna hiyo halafu likalipwa na watu wengine.

Mwaka wa 2008 nilikuwa na saiba, mahali pa watu kulipia intaneti. Usifikirie jumba. Kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, na kompyuta tano zilizokwisha kutumika mahali pengine, ambazo nilizipatania bei tangu asubuhi mpaka muuzaji akaanza kuniita dada na kuniuliza kama nimekula. Dirisha lilitazama mabati ya mji, na kupita mabati, kule chini, ziwa. Siku ambazo vumbi jeupe halijainuka ufukweni ungeona mstari wa waridi wa flamingo, mwembamba kama uzi. Siku nyingine huoni kitu, ni weupe tu, mbingu na ziwa zimeshonwa pamoja na mshono hauonekani. Nikiukumbuka mwaka ule nauona hivyo, kupitia kioo kile chenye ukungu, watu wakipita huko chini bila sauti.

Ile miezi mibaya ya mwanzo wa mwaka, ya fujo za baada ya uchaguzi, ilikuwa imepita, lakini ilipita kama moshi unavyopita: umeondoka na bado umo kwenye nguo. Mji ulijaa watu kutoka mashambani. Walitembea polepole, kama mtu aliyeingia dukani akasahau alichotumwa. Wengi walipanda ngazi zangu. Walikuwa wakitafuta watu.

Mathe, ndivyo nilivyomwita kama mji unavyowaita akina mama, alikuja alasiri moja ya mvua nyepesi, ile isiyolowesha, inayokaa juu ya nywele kama unga. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, amevaa koti la kiume, na kifuani amekumbatia kitabu cha nyimbo za kanisa kilichoungua pembe moja.

"Sasa, mama wa mashine."

"Poa, mathe. Karibu. Unataka kutuma ama kupokea?"

Akafikiri. Unyevu ulikusanyika kwenye pindo la koti ukaanguka sakafuni, tone moja moja.

"Nataka kupatikana," akasema.

Akakaa, akanieleza. Nyumba yake iliungua Januari, na simu ndani yake. Laini ilikuwa ya kununua barabarani, haikuandikishwa kwa jina la mtu yeyote, kwa hivyo haikuwa na pa kurudishwa. Sasa alikuwa akilala kwa binamu yake hapa mjini. Mwanawe, mmoja tu, alikuwa askari wa kulinda geti huko Uarabuni. Mkataba wa miaka miwili, amemaliza miezi minane. Kumpeleka huko waliuza ng'ombe watatu na kipande cha shamba.

"Siku anaondoka aliniambia, mama, nikikosa kukusikia nitarudi, mkataba ama hakuna mkataba. Mimi nikacheka. Sasa sicheki. Akitoka kabla ya wakati, wanakula pesa zake zote za amana, na tikiti ni yake. Atarudi mikono mitupu, na huku hakuna ng'ombe, hakuna shamba, hakuna nyumba. Mwambie tu niko. Neno moja: niko."

"Neno ni bure, mathe. Dakika ndio zinalipiwa."

"Dakika ni ngapi?"

Nikamtajia. Akanitazama vile mimi nilivyokuwa nikiwatazama walioniuzia viatu vibovu vilivyopakwa rangi, akataja nusu, kisha akakaa kimya. Wengi hawajui hiyo ya kukaa kimya. Nikampenda hapo hapo.

Ndani ya jalada la kitabu cha nyimbo, mwanawe alikuwa amemwandikia kwa kalamu ya wino anwani mbili za barua pepe, yake na ya mama, pamoja na paswadi ya mama. Walizifungua pamoja kwenye saiba ya kituo chao cha biashara kabla hajaondoka, ili wapige gumzo kwenye mesenja. Saiba ile nayo ilikuwa imeungua. Tukaandika kwa anwani ya mwana: niko. Hakujibu. Mathe akawa anakuja kila Jumanne na kila Ijumaa. Tulituma barua saba, na anwani ile ilikaa kimya kama kisima unachotupia jiwe usisikie limefika.

Sasa lazima nieleze namna nilivyokuwa nikifanya kazi, kwa sababu kosa lilipita hapo. Nilikuwa na wateja kumi na mmoja wasiojua kuandika kwa mashine. Mimi ndiye nilikuwa vidole vyao. Paswadi zao zilikuwa kwenye daftari langu. Mtandao siku zile ulikuwa unafunguka kama mtu anayeamshwa kwa lazima. Ungebonyeza, ukachemsha chai, ukarudi ukakuta nusu ya ukurasa. Mteja kulipia usingizi wa mashine niliona ni wizi. Kwa hivyo, akikaribia saa yake, nilikuwa nikimfungulia akaunti mapema, barua na mesenja, ili akikaa tu dakika yake ya kwanza iwe ya kusoma. Niliita hiyo kupasha mashine moto. Haikulipiwa. Ulikuwa ujanja wangu wa kuwashikilia wateja, na ulifanya kazi. Lakini maana yake ni kwamba kila kilichobisha hodi kwenye akaunti zao nilikiona mimi kwanza. Na mara nyingine nilikiona mimi peke yangu.

Katikati ya mwaka likaja lile onyo. Lilifika kwanza kutoka kwa mwanamke niliyeuza naye viatu zamani, kwa herufi kubwa kama mtu anayepiga kelele kutoka ng'ambo ya mto:

ONYO!!! SOMA SASA HIVI. KUNA MTU ANAOMBA KUONGEZWA KWA MESENJA. PICHA YAKE NI SAMAKI WA RANGI YA CHUNGWA. ATAJIFANYA ANAKUJUA. UKIMKUBALI ATACHOMA KOMPYUTA YAKO NA YA KILA MTU ALIYE KWA LISTI YAKO. AKIKUTUMIA BARUA FUTA BILA KUFUNGUA. VIRUSI HII HAINA DAWA. WATAALAMU WAMETHIBITISHA LEO ASUBUHI. TUMIA KILA MTU UNAYEMPENDA.

Kufikia mwisho wa wiki nilikuwa nimelipokea mara kumi na moja, kwa watu kumi na mmoja. Nikahesabu tena: kumi na mmoja. Nikawachukulia kuwa mashahidi kumi na mmoja.

Mimi, ambaye niliwahi kumfungua mbuzi mdomo sokoni nikamwambia mwenyewe umri wa mbuzi wake na aibu yake, nililinunua onyo lile bila hata kuligeuza. Nimejiuliza sana kwa nini. Sababu moja ni kwamba lilikuwa la bure, na akili yangu ya kupatana bei huamka ikisikia bei. Sababu nyingine ni miezi ile. Januari tulikuwa tumetumiana onyo kila saa: msipite njia fulani, wanakuja leo, fungeni. Mengine yalikuwa ya kweli. Mengi hayakuwa. Lakini hakuna aliyethubutu kuwa yule ambaye hakutuma. Tulijifunza kwamba kumpelekea mtu habari ya hatari ni kumpenda, na funzo kama hilo haliondoki kwa sababu kalenda imegeuzwa.

Nikachapa nakala tano, nikabandika moja kando ya kila kompyuta. Kisha nikafowadi kwa watu sitini na watatu. Nakumbuka nilijisikia vizuri, kama mtu aliyefagia mpaka mbele ya duka la jirani.

Jumanne iliyofuata, saa nane hivi, nilikuwa nikipasha moto mashine namba mbili kwa ajili ya mathe. Jua lilikuwa limepitia kwenye ukungu wa kioo likaanguka juu ya skrini, kila kitu kikawa na rangi ya maziwa. Ndani ya weupe huo akatokea samaki.

Alikuwa mdogo, wa rangi ya chungwa, mkia umepinda. Jina hakuwa nalo, ila herufi na tarakimu zimefuatana kama namba ya lori. Chini yake maneno mawili: *Ni mimi.*

Nikasoma karatasi iliyobandikwa kando. Samaki, ndiye. Anajifanya anakujua, ndiye. Nikabonyeza kumkataa, kisha nikaweka kiganja juu ya mashine kuona kama imeshika moto. Ilikuwa moto. Ilikuwa moto kila siku tangu niinunue, lakini siku hiyo niliuhesabu.

Dakika chache baadaye mathe akapanda ngazi.

"Kuna kitu?"

"Hakuna, mathe."

Wiki hiyo hiyo ikaja barua isiyo na kichwa, kutoka kwa anwani ile ya tarakimu. Niliifuta bila kuifungua. Halafu nikaenda kwenye pipa la takataka la akaunti nikaifuta tena, kwa sababu mimi hufanya mambo mara mbili. Siku ya kumi na moja tangu Jumanne ile samaki akarudi. *Ni mimi.* Nikamkataa, na safari hii nikamfungia kabisa asiweze kubisha tena. Mathe alipokuja nilimwambia kwa fahari:

"Kuna mwizi anazunguka kwa mtandao, lakini yako nimeifunga kufuli."

"Mungu akubariki, mama wa mashine. Wezi wamekuwa wengi." Akafungua mfuko, akaniachia viazi sita vyenye udongo bado. Hakuwa na shamba tena. Sijui alivitoa wapi. Nilivila.

Alikuwa anaanza kukonda. Binamu yake alimwambia aende kwa wakala aliyempeleka kijana. Akaenda, akakuta mlango umefungwa na bango limeng'olewa. Akawa anakuja hata siku zisizo zake, anakaa karibu na dirisha bila kulipia kitu, anatazama ziwa. Sikumwambia aondoke. Mara moja aliniuliza, kama mtu anayeongea usingizini, "Huko Uarabuni kuna ukungu?" Nikasema sidhani. "Basi angekuwa ananiona," akasema.

Siku ya kumi na tisa mvua ilinyesha kwa nguvu na stima ikapotea. Mashine zikanyamaza zote pamoja, na ndipo unapojua ulikuwa ukiishi ndani ya mvumo. Nikachukua nakala moja ya onyo nikashuka kwa mwenye nyumba.

Alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Nakuru, na kabla yake baba yake, na alikuwa akipima kitambaa kwenye meza ya mbao kwa ufito wa yadi, akivuta, akikunja, akivuta, katika mwanga mdogo wa mlangoni. Mabunda ya nguo yalisimama nyuma yake mpaka darini kama watu wanaongoja foleni.

"Mzee, bandika hii hapo kaunta. Watu wako wa dukani nao wana kompyuta nyumbani. Ni ya kusaidia."

Akavaa miwani. Akasoma polepole. Kisha akageuza karatasi akatazama nyuma.

"Nyuma hakuna kitu," akasema.

"Kuwe na nini?"

"Jina ya mwenyewe. Wewe mama, mtu akija kwako na mzigo haina lebo, anasema nunua haraka, usiulize jirani, na peleka kwa dada zako wote. Unafanya nini?"

"Namfukuza mpaka barabarani."

"Sasa mbona hii umenunua, na umekuja kuniuzia?"

"Sijanunua, mzee. Ni ya bure. Na nimetumiwa na watu kumi na mmoja."

"Hao kumi na mmoja, nani ameungua?"

Mvua ilikuwa inagonga mabati kwa sauti moja ndefu. Niliwapitia mmoja mmoja: wa viatu, wa kwaya, karani, shemeji yangu. Hakuna aliyekuwa ameungua. Hakuna aliyemjua aliyeungua. Kila mmoja alikuwa ametumiwa na mwingine. Hawakuwa mashahidi kumi na mmoja. Alikuwa mtu mmoja asiye na jina, amesema kwa midomo kumi na moja, na mdomo wa kumi na mbili ulikuwa wangu.

"Na hii hapa," akasema, akiweka kidole. "Leo asubuhi. Leo ya lini?"

"Ilikuja kama wiki tatu zimepita."

"Wiki tatu, na bado ni leo asubuhi. Mwaka ujao itakuwa leo asubuhi." Akavua miwani. "Nikiwa kijana ilikuja barua kwa posta. Andika mara tisa, peleka kwa watu tisa, usipopeleka mkono utakauka. Mama yangu aliandika zote tisa, siku mbili nzima. Baba akamwuliza, haya, mkono umekauka? Akasema hapana, lakini umechoka kabisa." Alicheka peke yake, akaanza tena kuvuta kitambaa. "Barua ni ile ile, mama. Imenunua kompyuta tu."

Nilipanda ngazi nikiwa bado sijaelewa nimefanya nini. Watu hudhani kujua huja kama taa. Kwangu kulikuja kama stima ilivyorudi siku hiyo, mashine moja, halafu nyingine.

Nilianza na kuhesabu. Kwenye listi yangu ya mesenja nilikuwa na watu arobaini na wawili. Nikatafuta samaki. Saba. Nikahesabu tena, nikapata wanane, kwa sababu mmoja alikuwa ameingia wakati nahesabu. Shemeji yangu mwenyewe alikuwa samaki tangu mwaka jana. Nikahamia mashine namba nne, nikakuta picha ya mashine yenyewe ni samaki. Mteja fulani aliichagua miezi iliyopita na sikuwa nimegundua. Nikafungua mahali pa kuchagulia picha. Picha zilikuwa zimepangwa pale, zilizokuja na programu yenyewe kwa kila mtu duniani: mpira, gitaa, ua, na yeye. Ni picha ya mtu asiye na picha. Ni ya mtu anayetumia kompyuta ya wengine, mwenye dakika kumi tu, asiyekuwa na mahali pa kuweka uso wake.

*Ni mimi.*

Nilisimama dirishani. Mvua ilikuwa imeacha, na kule chini ziwa lilikuwa limejitokeza lote, safi, kama kitu kilichokuwepo siku zote. Kisha nikaenda mashine namba mbili nikamfungulia samaki mlango, nikamtumia ombi mimi, kwa jina la mathe. Barua niliyoifuta mara mbili haikurudi.

Ijumaa mathe alipoketi nilimwambia, "Kuna anwani mpya imekuja. Nafikiri ni yeye."

Aliishika meza. "Imekuja lini?"

"Juzi juzi."

Neno hilo nimelitumia maisha yangu yote sokoni. Lina upana wa kutosha kufunika chochote. Alinitolea maneno nikayaandika: kwamba yuko, kwamba anakula, kwamba asije, asije, asije, amalize kazi yake. Tukangoja. Samaki alikuwa wa kijivu, maana yake mwenyewe hayuko. Alikaa wa kijivu wiki nzima, na nusu ya wiki nyingine.

Asubuhi moja ya baridi, ukungu wa kutoka mlima Menengai ukiwa bado umelala mjini, nilisikia miguu kwenye ngazi, ya watu wawili. Mathe alitangulia. Sijawahi kuona uso wa mtu umefunguka hivyo.

"Mama wa mashine! Nimepatikana!"

Nyuma yake alisimama kijana mrefu, mwembamba, na begi moja; alikuwa ameulizia kijijini, akaelekezwa kwa binamu. Amana ilikuwa imekwenda, tikiti alikuwa amekopa kwa wenzake, na miezi kumi na minne ya kazi ilikuwa imebaki huko jangwani bila mtu ndani yake. Alinisalimia kwa mikono miwili.

Jumapili walinipeleka Kikopey, kule kwa nyama choma ya kando ya barabara. Mathe alikataa kunisikiliza. Alisema mtu aliyemwandikia barua zote zile lazima ale mbavu, na kijana atalipa na kile kidogo alichobaki nacho. Tukaketi kwenye benchi mbele ya bucha moja. Moshi wa nyama ulikuwa unavuka barabara polepole, unapita katikati ya malori, unapotelea kwenye mishita upande wa pili. Muuzaji alitaja bei ya kilo. Sikusema neno. Mathe alinishangaa.

"Leo hushushi bei? Ama unaumwa?"

"Leo wacha tu."

Kijana alikula kidogo, halafu akaanza kusimulia. Paswadi ya akaunti yake ya zamani aliisahau. Msimamizi wao alikuwa akiwaruhusu kompyuta ya ofisi dakika kumi, mara mbili kwa wiki. Akafungua akaunti mpya; jina lake lilikuwa limeshachukuliwa, ikampa tarakimu.

"Nikamwomba mama. Nikakataliwa. Nikaandika barua, kimya. Nikaomba tena, nikafungiwa." Alikuwa akiukatakata ugali kwa vidole bila kuula. "Sasa nikafikiri. Mama yangu hawezi kunikataa. Basi huyu anayeshika akaunti si mama. Ni mtu ameokota kile kitabu kwa majivu. Na kama kitabu kiko kwa majivu, mama yuko wapi? Kesho yake nikaenda kuomba pasi yangu ya kusafiria."

"Ni mashine tu, mwanangu," mathe akasema. "Mashine hukosea."

"Mashine haikatai mtu mara mbili, mathe. Huyo ni mtu. Alikaa kwa kiti, akanisoma, akabonyeza."

"Basi mimi namshukuru huyo mtu. Kama si yeye ungekuwa huko mpaka leo, na mimi nakaa kwa dirisha la mama wa mashine nikihesabu ndege. Mungu alimtumia."

"Wewe mshukuru. Mimi namtafuta. Kitabu naona ulitoka nacho, lakini kuna mtu aliijua paswadi." Akanigeukia, kwa heshima, bila hata chembe ya kunishuku. "Wewe unajua haya mambo. Mtu anaweza kujua ni nani alibonyeza?"

Moshi ulikuja upande wetu. Nikafumba macho.

"Haiwezekani," nikasema.

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ndio ninaoishi nao. Nilirudi saiba nikang'oa karatasi zote tano. Nikaandikia watu sitini na watatu kwamba nilikosea: kwamba onyo halina mwenyewe, halina siku, halina aliyeungua, na linachotaka ni kupelekwa tu. Wanne walijibu. Mmoja alisema asante. Watatu walisema afadhali tuwe waangalifu, wakanitumia lingine, la virusi vinavyokuja ndani ya kadi ya salamu.

Kijana alipata kazi kwenye mashamba ya maua upande wa Naivasha, akaoa, akajenga nyumba ndogo ya mawe, lakini alichelewa kwa kila kitu, na anajua kwa muda gani. Akinywa chai kwangu bado huuliza, kama mzaha, kama nimewahi kumpata mtu wake. Mathe sasa ni mzee. Saiba imekuwa duka la kuchapa na kujazia watu fomu za serikali, na mwezi uliopita alipanda ngazi kwa taabu, akaketi, akasema anataka niiandike habari ya jinsi mwanawe alivyorudi nyumbani, ili wajukuu waisome yeye akiwa hayupo. "Andika vile ilivyokuwa," akasema. "Usipunguze, usiongeze." Anakuja kila Ijumaa, anasema, mimi naandika. Wiki iliyopita tulifika pale kijana anapoketi kwenye ile kompyuta ya ofisi kumwomba mama yake.

Ijumaa hii atasema mtu fulani akakataa, atamshukuru mtu huyo, kisha atangoja vidole vyangu. Mwana naye ameahidi kuja kusikiliza. Wewe unayesoma, ambaye hunidai chochote na huna sababu ya kunipendelea: niandike "mtu fulani" kama atakavyosema mwenyewe, au niandike jina langu na nimsomee akiwa pale na mwanawe? Na kama ni jina, nimwambie yupi kwanza, anayenishukuru au anayenitafuta? Nishauri, tafadhali, kabla ya Ijumaa.